Ukuta Mbele ya Ukumbi

4 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkeo mzima, na yule mtoto wenu ameshaota meno ya kutosha kumng'ata mtu. Sisi huku tupo. Binti yangu amehamishia cherehani zake mtaa wa juu na anajifanya hana nafasi ya kuja kuniona. Ukimwandikia, mkumbushe kwamba mama yake bado hajafa. Goti langu linanisumbua asubuhi, likipata joto linanyamaza. Ukumbi nimeupaka rangi upya, nyeupe tupu, na maharusi wanapigana vikumbo kuukodi.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua, hata ukiwa na hamu ya kunijibu, itabidi usubiri nimalize.

Sasa sikiliza. Najenga ukuta. Bahari imeanza tabia mbaya. Maji yakijaa yanafika hadi kwenye ngazi za mbele, na juzijuzi bibi harusi mmoja aliharibikiwa viatu akaniangalia kama mimi ndiye niliyeyamwaga. Nimemwita mkandarasi. Anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba, ila kazi anaijua: zege, nondo, ukuta mnene kuliko tumbo la marehemu mume wangu, kutoka mwanzo wa kiwanja changu hadi mwisho wake.

Ukipita hapo ni kwa baba yako, na huko mimi sina habari. Unajua tangu tugawane kiwanja cha marehemu baba yetu, mimi na kaka yangu tunasalimiana kwa kukohoa. Lakini amemtuma mteja wake aje kuniambia eti ukuta utamsukumia maji kwenye karakana. Fundi Baridi huyo! Mtu aliyemaliza ujana wake kichwa kikiwa ndani ya friji mbovu, leo ana elimu ya bahari. Uwanja wake umejaa majokofu ya kale yaliyolala chali kama wagonjwa, na anaogopa maji yatayaharibia sura.

Nakuomba jambo dogo. Wewe ndiye mpima mawimbi huko ofisini kwenu. Niandikie karatasi yenye mhuri, useme ukuta ni mzuri, nimfunge mdomo. Najua hamsemeshani tangu uliposimama mbele ya wateja wake ukamwambia ahame ufukweni kabla bahari haijamhamisha. Basi usimwandikie yeye. Niandikie mimi.

Shangazi yako,
Mama Ukumbi


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua imefika na tumeisoma kwa zamu. Hatujambo. Mtoto ameota meno na amemng'ata daktari. Mke wangu anakusalimu, anasema kupaka nyeupe mbele ya bahari ni uamuzi wa mtu asiyesugua kuta zake mwenyewe. Kazini tumeletewa mkuu mpya ambaye, kwa jinsi ninavyomwona, hajawahi kulowa. Wiki nzima ametukalisha tuchague rangi ya jalada la ripoti.

Karatasi yenye mhuri siandiki.

Wimbi likipanda kwenye mchanga huchoka, hurudi polepole. Likigonga zege halichoki. Linarudi na nguvu zake, linachimba mguu wa ukuta, na lile linalokosa ukuta linazunguka mwisho wake na kula udongo wa jirani. Mkandarasi wako ama analijua hilo na amenyamaza, ama halijui na anajenga. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kuna na jingine. Watu wanadhani dunia ikipata joto dhoruba zitaongezeka tu. Si lazima. Huenda zikawa chache, ila zitakazokuja zikawa kali, maana maji ya moto ndiyo chakula chao. Huenda zikabadilisha njia. Na dhoruba inayovuma mbali kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa kuiona, hutuma mawimbi marefu yanayosafiri siku kadhaa na kufika mlangoni kwako jua likiwaka, hata pazia halitikisiki. Bahari yenyewe imepanda kidogo kidogo, kwa hiyo wimbi lilelile la zamani sasa linavunjikia karibu zaidi. Mwelekeo wake ukigeuka kidogo tu, mchanga uliokuwa kwako unahamia kwa mwingine.

Ukitaka kuuokoa ukumbi, rudi nyuma. Kiwanja chako kinafika hadi barabarani. Umeweka maegesho mahali ambapo ukumbi ungekuwa salama, na ukumbi umeuweka mahali ambapo mwenye akili hawezi kuegesha hata baiskeli.

Wasalimie wote wa nyumbani, na wa kiwanja cha jirani.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu mwenye huenda,

Huku ni wazima. Binti yangu hatimaye alikuja, akakaa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Goti bado.

Barua yako nilimsomea mkandarasi kwa sauti. Huenda zikawa chache, huenda zikawa kali, huenda zikapita kule. Miaka yote ile umesoma, familia nzima tunafunga mikanda, halafu unakuja kutuambia huenda? Mimi nikimwambia bibi harusi kwamba huenda ukumbi ukawa na paa, atakuja? Mkandarasi alivua miwani kwa mara ya kwanza ili apanguse machozi ya kicheko.

Ukuta umekwisha. Umenyooka, mweupe, na nimeandikisha jina la ukumbi kwa buluu upande wa baharini, samaki nao wasome. Jumamosi iliyopita maji yalijaa, wimbi likagonga likarushwa juu kama maua, wageni wakapiga makofi. Wapiga picha walipanga foleni. Hilo ndilo wimbi lako la kutisha.

Ama huyo jirani, uzio wake umelala. Jokofu lake moja, lile kubwa la bucha, liliingia majini likaelea huku mlango uko wazi kama linaomba msaada. Kesho yake limerudi na kaa ndani. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye alisimama pale akiniangalia, hata kukohoa hakukohoa. Ameirudisha karakana nyuma, kisha nyuma tena. Siku hizi taa yake inawaka upande wa jikoni, nadhani ndiko anakolala. Mkaidi! Kiwanja anacho kama mimi, hadi barabarani, lakini kuhama ni kukubali kwamba mwanawe alisema kweli, na hilo atakufa nalo.

Ukumbi umekodiwa hadi Septemba. Nikuandikie huenda?

Shangazi yako


20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mtoto alikuwa na homa, sasa amepona na amerudia kazi yake ya kung'ata. Mke wangu amepata kazi kwenye duka la miwani. Nimemwambia asimwuzie mkandarasi wako.

Sitabishana nawe kuhusu maua yanayorushwa na ukuta. Ila hebu toka siku moja maji yakiwa yamekupwa, shuka ngazi, tazama mguu wa ukuta. Kama mchanga umeshuka na nondo zinaonekana, hayo ndiyo malipo ya makofi.

Msimu wa dhoruba za mbali unaanza. Maboya yetu yameshaanza kutuonyesha mawimbi marefu kuliko tuliyoyazoea, na yanatoka upande ulio kushoto kidogo ya ule wa miaka yote. Ukiwa umesimama ukumbini ukitazama maji, kushoto kwako ni kwa baba. Naomba usichukue harusi za Julai. Nilikupigia simu juu ya jambo hili. Ulisikia neno mawimbi ukakata.

Jikoni kwake kuko umbali gani na ukingo sasa? Umesema taa unaiona. Basi na ukingo unauona.

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Tunashukuru kwamba mtoto amepona. Mpake mafuta kifuani akilala. Binti yangu ni mjamzito, ameniambia jana kama mtu anayetangaza kwamba mvua itanyesha. Nimefurahi, nikamgombeza, tukalia kidogo.

Ukumbini ni shughuli tupu. Nimebadilisha mapazia. Yale ya zamani yalikuwa yanashika ukungu. Vigae vya sakafu vimepata ufa karibu na meza kuu, ufa mdogo tu, nimeweka zulia juu yake. Nimepata mpishi mpya, anapika vizuri lakini anaimba. Julai nina harusi kubwa ya binti wa Mwenye Matairi, yule mwenye duka la njia panda. Amealika nusu ya mji na anataka maua meupe matupu.

Mimi nimepunguza kulala. Si kwa ugonjwa. Nina kazi nyingi za humo ndani, za kupanda na kushuka, kupika uji na kadhalika. Chumba cha maharusi nimekifunga kwa sasa, wanavalia ofisini kwangu.

Sijaenda kuangalia mguu wa ukuta. Goti.

Salimia wote.

Shangazi yako


9 Julai

Shikamoo Shangazi,

Umeniandikia kurasa nzima na hujamtukana baba hata mara moja.

Nimeisoma barua mara mbili, kisha nikampa mke wangu, nikidhani huenda tusi limenipita. Hakuna. Hakuna friji, hakuna ukaidi, hakuna Fundi Baridi. Uji unampikia nani? Wewe uji huupendi. Chumba cha maharusi kimefungwa, kuna nani ndani?

Ana nini? Niambie. Usinizungushe na mapazia.

Mwanao


28 Julai

Mwanangu,

Barua yako imenikuta nikiwa kwa binti yangu, mtaa wa juu, nimekaa kati ya cherehani mbili. Wote tuko hai. Nimelitanguliza hilo, sasa tulia usome.

Mwanzoni mwa Juni, asubuhi moja, sikusikia kikohozi. Kila siku nikifungua madirisha baba yako anakohoa kunijulisha kwamba ameniona na hajafurahi. Siku ile kimya. Nikaona aibu kwenda, nikamaliza kufagia, nikafagia tena. Mwisho nikaenda. Ukingo ulikuwa umemeguka usiku na kuchukua nusu ya jiko. Alikuwa anaburuta friji ya mteja kuiokoa, ardhi ikamkimbia, friji ikamlalia mguu. Umevunjika chini ya goti. Alikuwa amekaa palepale tangu alfajiri, mbele ya macho yangu kama ningeinua kichwa, na hakuniita. Angekufa pale kuliko kuniita.

Alipotoka hospitali nilimlaza chumba cha maharusi, kwenye kochi la waridi, mbele ya kile kioo chenye taa. Hatukusemeshana. Alikuwa anaongea na kioo. "Kioo, mwambie huyo mwanamke uji hauna sukari." Nami namjibu kioo, "Mwambie huyo mzee sukari imekwenda na karakana yake." Alinikataza nisikuandikie. Nikasema sawa, sitaandika habari zake. Sikujua kwamba ungezisoma hivyohivyo.

Sasa siku ya Mwenye Matairi. Jua kali, upepo hakuna, maji yametulia kama kwenye beseni. Ulipiga simu saa nane. "Shangazi, mchana huu—" Nikakata. Nilikuwa nabeba keki.

Wageni wamekaa, bibi harusi ameingia, mpishi anaimba. Nikasikia ukuta umegongwa. Si kama siku zote. Kishindo kizito, kirefu, kama lori lililopakia mawe limegonga nyumba. Maji yakaruka juu, watu wakapiga makofi. Nami nilianza kupiga. Kisha nikaona zulia langu linainuka katikati lenyewe, kama kuna mtu chini yake anajinyoosha. Nikalifunua. Maji yanachemka kutoka kwenye ule ufa.

Nikachukua kipaza sauti. "Naomba wote mtoke. Mpite mlango wa maegesho. Sasa hivi."

Wakacheka, mwanangu. Wale watu walinicheka. Mwenye Matairi akasimama na suti yake, akasema, "Mama, kwa jua hili? Tumekodi hadi jioni."

"Basi wewe baki," nikamwambia. "Una matairi, utaelea."

Wimbi la pili halikugonga ukuta. Lilipita kwa kaka yangu. Pale palipokuwa na uzio, na karakana, na jiko, hapakuwa na kitu tena cha kulizuia, na ni ukuta wangu uliopasafisha. Likaingia kwa ubavu, kupitia madirisha ya jikoni, likambeba mpishi na masufuria yake hadi ukumbini. Hapo hakuna aliyecheka. Watu walipita mlango wa maegesho kama maharagwe yaliyomwagwa. Bibi harusi alitoka peku, gauni amelikunja kiunoni, msichana ana akili kuliko baba yake.

Nikarudi chumbani. Baba yako amekaa kwenye kochi, maji yako magotini, anajiangalia kwenye kioo.

"Panda," nikasema. Nilikuwa na lile toroli la kubebea viti.

Akanitazama mimi, si kioo. "Ukuta wako vipi?"

"Umesimama."

"Hongera."

"Panda, mzee, kabla sijakuacha!"

"Uniache mara ngapi?" akasema. Lakini akapanda. Nikamsukuma huku ananitukana kwamba namgonga mguu, na mimi namtukana kwamba ana uzito wa majokofu yote aliyowahi kufungua. Tulipofika maegesho ukuta wa nyuma wa ukumbi ulianguka, halafu paa likalala juu yake. Watu wote walikuwa nje. Mpishi amevunjika mkono. Mwenye Matairi hakuniaga.

Unajua kilichobaki? Ukuta. Hauna hata mkwaruzo, jina langu la buluu liko palepale, na nyuma yake hakuna kitu. Wiki iliyofuata mkandarasi alikuja na mpiga picha. Akasimama mbele yake akatabasamu. Wenye viwanja viwili vinavyofuata wameshamwita awajengee kama huo. Nilikwenda kuwaambia. Wakanisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa, kisha mmoja akaniuliza kama ukuta wake unaweza kuwa mrefu zaidi.

Baba yako anangoja nimwombe radhi. Wewe pia huenda unangoja. Ngojeni.

Shangazi yako


10 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma barua kazini, nikalazimika kutoka nje. Nashukuru kwa toroli. Mengine tutayasema ana kwa ana.

Siku ile nilikuwa nayatazama mawimbi hayo kwenye kioo cha kompyuta, yakipita boya moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama treni inayojua kituo chake. Niliendelea kupiga simu. Hiyo ndiyo kazi yetu, Shangazi: kuona vizuri tukiwa mbali.

Picha ya ukuta wako imefika hadi huku. Imetoka gazetini, na mkuu wetu asiyelowa amependezwa nayo. Anataka aiweke kwenye jalada la ripoti. Nikamwambia nyuma ya ukuta huo hakuna ukumbi. Akasema hilo halionekani kwenye picha. Nikaomba likizo. Akauliza sababu, nikamwambia nakwenda kulitazama jalada kwa karibu.

Nitaongea na wenye viwanja hao. Sina tumaini kubwa. Watanipa kiti, wataniita mtaalamu, na mkandarasi ataendelea kuchanganya zege nyuma yangu. Lakini nitaongea, na safari hii sitaandika huenda pale ninapokuwa na hakika.

Baba, najua unasomewa barua hii. Shikamoo. Nataka kuja nyumbani. Sikupangii wala sikushauri. Naomba ruhusa yako kwanza.

Mwanao


24 Agosti

Mwanangu,

Sote wazima. Mguu unaunga. Binti yangu amevimba miguu na anatugombeza sisi wawili kama watoto wake, maana tumejazana kwenye chumba chake cha kushonea na baba yako amegeuza kibaraza kuwa karakana. Wateja wamemfuata huku. Hawajali bahari, wanajali nyama zao.

Nilimsomea barua yako. Akasema nisome tena ile sehemu ya mwisho, eti sikutamka vizuri. Nikasoma. Akasema bado. Kisha akaniambia nichukue kalamu, ana majibu. Naandika anavyosema.

Anasema shikamoo ameipokea. Anasema wewe ulisema bahari itamhamisha, na haikumhamisha, amehamishwa na zege la dada yake, kwa hiyo usije hapa na kifua mbele. Nimemwambia hilo la zege siandiki. Anasema andika. Nimeandika.

Anasema wale wenye viwanja usijisumbue nao, ufukweni wajinga hawamaliziki. Mimi nasema nenda, na mimi nitakwenda nawe, niwatukane pale heshima yako itakapokukwamisha.

Anasema usije. Nauli ni ghali, mtoto ni mdogo, hapa hakuna nafasi, mtalala wapi. Nimemuuliza, "Niandike hivyo?" Akasema, "Andika hivyohivyo."

Tangu asubuhi anaburuta makabati ya binti yangu kwa mguu mmoja, anapima sakafu kwa mkongojo, anatafuta mahali pa kulaza watu watatu. Njooni.

Shangazi yako